Kishikwambi kikigoma katikati ya wimbo: dalili, chanzo na dawa

Wiki yangu ya kwanza ya kutengeneza muziki bila kompyuta niliimaliza na hasira. Nilikuwa nikigonga ngoma kwenye kioo, mlio unakuja baadaye, kama mtu anayeitikia salamu huku mawazo yake yako mbali. Nikapunguza mwendo wa biti, haikusaidia. Nikafuta programu nikaweka nyingine, mambo yakawa yale yale. Siku ya sita ndipo nilipovua hedifoni zangu za Bluetooth nikasikiliza kwa spika ya kishikwambi chenyewe, na ngoma ikalia pale pale kidole kilipogusa. Siku tano nilikuwa natafuta mchawi, kumbe nimemvaa masikioni.

Tangu hapo nina utaratibu mmoja kabla ya kulaumu kifaa. Chomoa chaja, kadi ya sauti (kile kisanduku cha kuunganishia maiki na ala), kinanda na habu (kigawio cha matundu ya USB). Zima Bluetooth. Funga programu zote isipokuwa ile unayofanyia kazi. Zima kishikwambi kabisa, kisha ukiwashe upya. Sasa jaribu kwa spika yake na maiki yake tu. Tatizo likiondoka, kishikwambi hakina kosa: rudisha vitu kimoja kimoja, na kile kitakachorudi pamoja na tatizo ndicho chenye kesi. Likibaki, basi liko ndani ya programu au kwenye mipangilio, na huna haja ya kununua waya mwingine.

## Nagusa sasa, inalia baadaye

Anza na Bluetooth. Hedifoni za aina hiyo hupokea sauti iliyobanwa na kurushwa hewani kwa vifurushi, zikaifumua, ndipo zikaipiga. Safari hiyo kwa kawaida huzidi milisekunde 100. Ukitazama filamu huoni shida, kwa sababu kicheza video huichelewesha picha makusudi ili iende sambamba na sauti. Ngoma unayoipiga wewe mwenyewe haina picha ya kuchelewesha. Hakuna mpangilio wa kuponya hili. Tumia hedifoni za waya. Kama kishikwambi chako hakina tundu la hedifoni, utahitaji adapta ndogo ya USB-C yenye tundu la milimita 3.5, na hapo angalia vizuri. Adapta hizi ni za namna mbili: zenye chipu ya kugeuza sauti ndani yake, na zile ambazo ni waya mtupu. Za waya mtupu hukubali kwenye baadhi ya vifaa tu. Chukua yenye chipu.

Hedifoni hizo hizo zina kosa la pili ambalo watu hulibebesha programu. Ukitumia maiki iliyo ndani yake, muunganisho hubadilika ukawa ule wa kupigia simu, na ghafla hata biti yako inasikika kama mtu anayezungumza kwenye simu mbovu. Hakuna kilichoharibika. Zima maiki hiyo, ubora utarudi.

Kama tayari unatumia waya na bado sauti inachelewa, nenda kwenye bafa. Ichukulie kama ndoo: kishikwambi hakimwagi sauti tone kwa tone, huikinga kwanza, ndoo ikijaa ndipo kinamimina. Bafa ya sampuli 256 (sampuli ni vipimo vidogo vidogo vya sauti), kwa kiwango cha sampuli 48,000 kwa sekunde, hujaa kwa milisekunde 5.3. Ya 1,024 huchukua milisekunde 21.3. Na ukiimba huku unajisikia kupitia programu, ndoo huwa mbili, ya kuingilia na ya kutokea, kwa hiyo bafa hiyo ya 1,024 inakuchelewesha zaidi ya milisekunde 42 hata kabla hujahesabu kazi ya kadi yenyewe. Hapo mimi tayari naimba nyuma ya biti. Kwa kulinganisha, sauti hewani huenda takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo milisekunde 10 ni sawa na kusimama mita tatu na nusu kutoka kwenye spika, jambo ambalo bendi hufanya jukwaani kila siku bila kunung'unika. Weka 128 au 256 wakati wa kurekodi. Baadhi ya programu hukuachia uchague, nyingine huamua zenyewe. Kama yako ni ya kundi la pili, ruka hapa.

Wenye Android wana jambo la ziada. Tangu toleo la 8.0 la mwaka 2017 mfumo huo una njia ya mkato ya sauti iitwayo AAudio, lakini ni lazima aliyeitengeneza programu awe ameamua kuitumia. Programu ya zamani hupita njia ndefu hata kwenye kishikwambi kipya. Na hata ile nzuri inaweza kurudishwa njia ndefu na vile vikolezo vya sauti vinavyokuja na kifaa, vya kukuza besi au kufanya sauti isikike kama ya sinema. Vizime vyote.

Ikiwa tatizo lako ni kujisikia unapoimba tu, kadi nyingi za sauti zina swichi au kitufe cha kukusikilizisha moja kwa moja kutoka kwenye maiki, kabla sauti haijaingia kwenye kishikwambi. Iwashe, kisha zima usikilizaji wa traki hiyo (mstari wa sauti ya mwimbaji au ala moja) ndani ya programu. Watu husahau hatua ya pili, wakajisikia mara mbili, wakadhani ni mwangwi.

## Inakwaruza, inatatarika, inakatika

Hii ni pacha wa tatizo la juu, na dawa ya mmoja ni sumu ya mwenzake. Ukifanya ndoo ndogo mno, prosesa haiwahi kuijaza kabla ya zamu ya kumimina, na kila inapochelewa unasikia "tak". Kwa hiyo bafa ndogo ni ya kurekodi. Ukifika kwenye kumiksi, yaani kuchanganya traki zote ziwe wimbo mmoja, ambako hakuna anayeimba wala kupiga kinanda, ipandishe hadi 1,024 na usijali.

Mikwaruzo ikiendelea, jiulize kama inakuja pale pale kwenye wimbo au popote tu. Ikija mahali pale pale kila mara, hasa kwenye kiitikio ambapo vyombo vyote vimeingia, mzigo umezidi. Gandisha traki zilizokwisha, yaani zigeuze ziwe sauti iliyorekodiwa badala ya ala inayopigwa upya kila sekunde. Vikolezo vya mwangwi vinakula nguvu nyingi: usiweke kimoja kwenye kila traki. Weka kimoja tu kwenye njia ya pamoja na traki zote zikitumie. Mwisho wa siku miksi yenyewe husikika vizuri zaidi hivyo, kwa sababu vyombo vyote vinaonekana kuwa chumba kimoja.

Ikija popote, hasa baada ya nusu saa ya kazi, gusa mgongo wa kishikwambi. Vifaa hivi havina feni. Kikipata joto, hupunguza mwendo wa prosesa ili kijilinde, na wimbo uliokwenda vizuri asubuhi unaanza kutatarika mchana ukiwa haujaongezwa hata noti moja. Apple huelekeza iPad itumike kwenye joto la mazingira la nyuzi 0 hadi 35 za Selsiasi, na ukiwa juani unafika huko upesi. Kivue kava, kiondoe kwenye mto au blanketi, usikichaji huku unamiksi. Angalia pia kama hali ya kuokoa betri imewashwa, maana nayo hupunguza mwendo kimya kimya.

Kuna mkwaruzo mwingine usiohusiana na haya yote: ule uliokwisha kurekodiwa. Kama unausikia mahali pale pale hata ukiipiga traki hiyo peke yake, sauti ilipasuka wakati inaingia. Ilifika desibeli 0, na juu ya hapo hakuna nafasi, hivyo vilele vilikatwa. Hakuna kikolezo cha kurudisha kilichokatwa kama kilivyokuwa. Rudia, na safari hii acha vilele vya mwimbaji vifike kama −12 hivi. Watu huogopa kwamba ni ndogo. Kwa rekodi ya biti 24 (bit, kipimo cha undani wa sauti, si biti ya ngoma) ni tele.

## Kimya kabisa

Pita haraka. Je, hedifoni au adapta imechomekwa na wewe unasikiliza spika? Je, Bluetooth imejiunga na spika iliyo chumba kingine? Je, iPad iko kwenye hali ya kimya? GarageBand, programu ya muziki ya Apple, hutii hali hiyo ukitumia spika za ndani, ingawa video zako zinaendelea kulia kama kawaida, na hapo ndipo mtu anapochanganyikiwa. Je, maiki haijapewa ruhusa? Uliwahi kuulizwa kama programu itumie maiki, ukabonyeza "hapana" bila kusoma; nenda kwenye mipangilio ya faragha urekebishe.

Na kama maiki yako ni ya kondensa (aina inayohitaji kulishwa umeme) na imechomekwa kwenye kadi ya sauti, kwa kawaida inahitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye kadi. Tafuta kitufe kilichoandikwa 48V.

## Kadi ya sauti au kinanda hakitambuliki

Waya kwanza. Ziko nyaya za USB-C zilizotengenezwa kwa kuchajia tu, hazipitishi data, na kwa macho huwezi kuzitofautisha na nyingine. Jaribu waya uliokuja na kadi yenyewe, au ule ambao umewahi kuhamishia mafaili.

Pili, umeme. Kompyuta ya mezani hulisha kadi bila kuhisi. Kishikwambi kina mkono mfupi zaidi, na iPad za tundu la Lightning ndizo zenye mkono mfupi kuliko zote. Zitakuandikia kwamba kifaa kinatumia umeme mwingi mno. Wakati mwingine hazisemi neno: taa ya kadi inawaka, inazimika, basi. Dawa ni habu yenye umeme wake, au adapta yenye tundu la kuchomekea chaja, ili kadi ilishwe na ukutani. Volti 48 za maiki zikiongezwa juu yake mzigo hupanda, kwa hiyo kadi inayowaka vizuri na kuzimika mara tu unapobonyeza 48V imeshakueleza ugonjwa wake.

Tatu, draiva, yaani programu ndogo ya kuendesha kifaa. Kwenye kishikwambi husakinishi draiva kama kwenye kompyuta. Kadi lazima iwe ya aina inayofuata kanuni za kawaida za sauti za USB, ile isiyodai programu ya ziada. Kama kitabu chake kinasema sakinisha kwanza ndipo uchomeke, kuwa na mashaka. Kadi nyingine zina swichi au namna ya kuwashwa inayozibadilisha ziwe za kawaida, na hilo limejificha kurasa za mwisho za kitabu.

Kwenye Android, ingia kwenye chaguo za msanidi (Developer options) ukiwa umewahi kuzifungua, uone kama hukuzima uelekezaji wa sauti ya USB. Ni swichi moja inayoweza kukumalizia jioni nzima.

Kinanda cha Bluetooth kina mtego wake. Watu hukiunganisha kwenye mipangilio ya kifaa, kama wanavyofanya kwa spika, kikaonekana kimeungana, na bado hakipigi noti. MIDI (lugha ambayo kinanda hutumia kuiambia programu noti gani imepigwa) ya Bluetooth huunganishwa ndani ya programu ya muziki. Kifute kule kwenye mipangilio, fungua programu, tafuta sehemu ya vifaa vya MIDI, ukiunganishe hapo. Na usiogope kuchelewa kama kwa hedifoni: taarifa ya noti moja kwenye MIDI ni baiti tatu tu. Bluetooth inafaa kubeba vidole vyako, haifai kubeba masikio yako.

Kila noti ikilia mara mbili, kinanda kinapiga sauti yake na programu inapiga yake. Zima "Local Control" kwenye kinanda.

## Kunguruma mara tu chaja ikiingia

Mvumo mzito usiobadilika, wa herzi 50 au 60 kutegemea umeme wa mahali ulipo, au mlio mwembamba kama mbu. Chomoa chaja. Ukikoma, umempata. Chaja na spika zako zimeshika umeme kwa njia mbili tofauti na kelele inazunguka kati yake kupitia waya wa sauti. Njia rahisi kuliko zote ni kuchaji kabla na kurekodi kwa betri. Kishikwambi kinakubali hilo kuliko kompyuta yoyote ya mezani, kwa nini usitumie bahati hiyo? Kama kikao ni kirefu, chomeka vifaa vyote kwenye soketi moja ya ukutani, au jaribu chaja nyingine iliyo bora.

## Kioo chenyewe kinanisaliti

Unapiga kodi (chord, noti kadhaa kwa pamoja) ya noti tano na ghafla programu inatoweka, umerudi kwenye ukurasa wa mwanzo. Sio hitilafu. iPad huhesabu vidole vinne au vitano vinavyosogea pamoja kuwa ishara ya kubadilisha programu. Nenda kwenye mipangilio, sehemu ya kufanya mambo mengi na ishara, uzime ishara za vidole vinne na vitano. Hakuna mpangilio mwingine ulionifurahisha kiasi hiki.

Noti zote zinalia kwa nguvu moja? Kioo cha kawaida hakipimi kidole kimekandamiza kiasi gani. GarageBand ya iPad, tangu ilipotoka mwaka 2011, hukisia nguvu kwa kusikiliza mtikisiko wa kifaa kizima kupitia kihisi cha mwendo. Ukiwa umekilaza kwenye godoro, mtikisiko unamezwa na makisio yanakosewa. Kiweke mezani. Programu nyingine hutumia mahali ulipogusa: chini ya kipande ni nguvu, juu ni pole. Ukitaka mkono wenye hisia kweli, nunua kinanda kidogo cha MIDI na usijadiliane na kioo.

Papo hapo kwenye GarageBand: rekodi yako inarudi mwanzo baada ya bari 8 (bari ni kipande kimoja cha mapigo ya wimbo) na kuanza kulundika juu ya ya kwanza? Sehemu ya wimbo huja ikiwa imewekwa bari 8. Gusa alama ya kujumlisha iliyo upande wa kulia wa rula, fungua sehemu hiyo, uweke urefu ujiongeze wenyewe. Wengi wamefuta programu kwa ajili ya hili.

## Wimbo umepanda noti, au mwimbaji yuko sikio moja

Wimbo unaokwenda kasi kidogo na kupanda sauti karibu semitoni moja na nusu una ugonjwa mmoja tu unaojulikana: ulirekodiwa kwa kHz 44.1, yaani sampuli 44,100 kwa sekunde, na unapigwa kwa 48. Wimbo wa dakika 4 unaisha kwa dakika 3 na sekunde 40. Ukishuka badala ya kupanda, ni kinyume chake. Hutokea hasa ukichomeka au kuchomoa kadi wakati mradi uko wazi, kwa sababu kadi na spika za ndani huenda zina viwango tofauti. Chomeka kila kitu kwanza, kisha fungua mradi. Chagua kiwango kimoja na ukae nacho hadi wimbo uishe.

Mwimbaji kwenye sikio la kushoto pekee: maiki iko kwenye tundu la 1 na traki imewekwa stereo, hivyo tundu la 2 linarekodi ukimya kwa uaminifu mkubwa. Badilisha traki iwe mono (sauti ya njia moja), tundu la 1.

Besi inayotetemesha gari la rafiki yako ilhali kwako ilikuwa sawa haitokani na hitilafu yoyote. Spika ndogo za kishikwambi hazitoi sauti za chini, ukaongeza, ukaongeza tena. Usiamue besi bila hedifoni.

## Programu inajifunga, wimbo haupo

Programu ya muziki hupakia milio ya ala kwenye RAM (kumbukumbu ya muda ya kifaa), na RAM ikibana mfumo huua programu bila kuaga. Funga nyingine, hasa kivinjari chenye kurasa nyingi, na ugandishe traki kama tulivyosema. Angalia pia nafasi ya kuhifadhi: sauti ya mono ya biti 24 kwa kHz 48 inakula takriban MB 8.6 kwa dakika. Traki kumi za wimbo wa dakika nne ni kama MB 345, na hapo hujahesabu marudio yote uliyoyakataa lakini programu ikayatunza. Wakati wa kurekodi washa hali ya ndege, simu na arifa zisikukatishe.

Sasa kuhusu kupotea. Kwenye kompyuta umezoea kwamba ukifuta programu, mafaili yako yanabaki kwenye folda. Kwenye kishikwambi mara nyingi mradi unakaa tumboni mwa programu, na ukifuta programu unafuta na nyimbo. Zile siku tano nilizosimulia mwanzo, nilipofuta programu nikaweka nyingine, nilifuta pia mawazo ya nyimbo mbili ambayo sikuwahi kuyarudisha. iPad ina chaguo la kuondoa programu huku data zake zikibaki, na ndilo la kutumia ukitafuta nafasi. La kufuta moja kwa moja litumie tu baada ya kunakili miradi kwenye hifadhi ya mtandaoni au diski ya nje.

Kuhamia kompyuta kwa ajili ya kumiksi ni jambo la kawaida, ila usitarajie mradi ufunguke ulivyo. Plagini (vikolezo na ala za kuongezea) za VST za kompyuta hazifanyi kazi kwenye kishikwambi, na plagini za iPad kwa kawaida hazitakuwepo kwenye kompyuta ya prodyuza wako. Toa kila traki kama faili la WAV, zote zikianzia bari la kwanza hata kama tarumbeta inaingia dakika ya pili, ili ziangukie mahali pake zenyewe. Ongeza faili la MIDI kwa ala unazotaka zibadilishwe milio. Mimi huandika mwendo wa biti na kiwango cha sampuli kwenye jina la folda, kwa mfano "92-48k", kwa sababu hilo ndilo swali la kwanza linalorudi kila ninapotuma kazi, na kwa kawaida linarudi usiku nikiwa nimelala.